USHAURI WA AKILI KWA NJIA YA SIMU: VIKUNDI VYETU VINAWEZA KUFANYA NINI?



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya kuku, visima, miche na mikopo ya vikundi. Leo tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Hautoi damu, hauvimbishi mguu, lakini unaweza kumwangusha mtu na nyumba yake yote.

Tuanze na habari ya kikundi kimoja tunachokitembelea huku ufuoni. Hatutataja jina la kikundi wala la kijiji, kwa sababu wenyewe walituomba hivyo.

Kikundi hiki kina wanachama 22, wote kina mama. Hukutana kila Alhamisi mchana, omena ikiwa imeshaanikwa. Kuna mama mmoja aliyeanza kukosa mikutano. Alikosa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katiba ya kikundi iko wazi: asiyefika bila ruhusa analipa faini, na asiyelipa mchango kwa miezi miwili, wenzake wana haki ya kuchukua kitu nyumbani kwake mpaka alipe. Miezi miwili ikaisha. Mwenyekiti na wanachama watatu wakaenda kuchukua sufuria yake kubwa.

Walimkuta amekaa mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana. Jiko lilikuwa na jivu baridi, na watoto walikuwa wamekula kwa jirani. Wakamwambia wamekuja kwa sababu ya deni. Akawajibu bila hata kuinua macho, "Chukueni tu. Hata mimi nichukueni."

Bwana yake alikuwa amezama ziwani miezi mitano kabla ya siku hiyo. Kikundi kilikuwa kimechangia mazishi vizuri sana: unga, sukari, hema, mpaka viti. Lakini baada ya mazishi kila mtu alirudi kwake, na jina la mama yule likabaki kwenye daftari la wadaiwa.

Wale kina mama waliiacha ile sufuria. Mwenyekiti alituambia, "Tulitoka pale tumenyamaza wote. Tuliona tumekuwa tukimtoza mgonjwa faini."

Je, huu kweli ni ugonjwa?

Ndiyo. Kuhuzunika si ugonjwa. Mtu akifiwa, akipoteza mashua, akifurikiwa na maji, ni lazima ahuzunike. Lakini huzuni ikikaa wiki nyingi bila kupungua, ikamzuia mtu kula, kulala, kufanya kazi na kushika watoto wake, hapo imegeuka kuwa ugonjwa. Wataalamu wengine huuita sonona. Ndugu yake wa karibu ni wasiwasi usiokwisha: moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, mawazo kuzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Kwa Kijaluo watu husema mtu ana parruok, yaani mawazo yamemzidi. Neno hilo tunalitumia kila siku, lakini hatulihesabu kama neno la hospitali. Tukisikia ugonjwa wa akili tunafikiria tu janeko, yule anayetembea sokoni bila nguo. Huyo ni mgonjwa kweli na anahitaji matibabu, lakini wengi zaidi ni wale walio na nguo zao safi, wanaokuja kanisani na mikutanoni, na ndani wamekwisha.

Ni wangapi? Utafiti uliofanywa eneo la Maseno, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa na huzuni au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Sasa hesabuni wenyewe. Katika kikundi cha watu 20, huenda wawili wako katika hali hiyo leo hii.

Na sababu za kuelemewa huku kwetu hazikosekani. Ziwa linachukua wavuvi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakafukuza watu majumbani, na mwaka 2024 mafuriko yakarudi tena. Kuna wajane, kuna wanaoishi na virusi vya ukimwi, kuna kina mama wanaolazimishwa jaboya ili wapate samaki wa kuuza. Kuna vijana waliomaliza shule na hawana kazi. Mzigo ni mwingi, na mgongo ni ule ule mmoja.

Kwa nini wengi hawapati msaada?

Sababu ya kwanza ni umbali. Tangu zamani matibabu ya akili nchini yamehusishwa na jina moja tu, Mathari, hospitali ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1910. Mtu wa Mfangano avuke maji kwa mashua, apande matatu, asafiri usiku kucha, apate wapi nauli? Hata kufika Kisumu mjini ni gharama. Na ushauri si dawa ya kunywa mara moja. Unahitaji kurudi kila wiki kwa wiki nyingi.

Sababu ya pili ni uhaba wa wataalamu. Kaunti ya Kisumu peke yake ilikuwa na watu 1,155,574 katika sensa ya mwaka 2019. Madaktari wa magonjwa ya akili katika nchi nzima ni wachache mno, na wengi wao wako miji mikubwa. Jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilizunguka nchi kusikiliza wananchi, na mwaka 2020 likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa.

Sababu ya tatu ni aibu na hofu. Wengine husema ni chira, mtu amevunja mwiko. Wengine husema ni mapepo, au ni uvivu. Tena kwa miaka mingi sheria yenyewe iliwatisha watu: aliyejaribu kujiua akapona alikuwa anaweza kushtakiwa na kufungwa. Ndiyo maana familia nyingi zilikuwa zikificha. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, namba 226 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Tuwaambie watu wetu jambo hili, ili mgonjwa apelekwe hospitali badala ya kufichwa chumbani.

Ushauri kwa simu ni kitu gani?

Watu wengi wakisikia matibabu kwa intaneti hudhani ni mambo ya matajiri wa mjini wenye kompyuta. Sivyo. Jambo lenyewe ni rahisi. Mshauri nasaha aliyefundishwa anakaa mahali pake, mgonjwa anakaa pake, na wanazungumza kwa mpango: siku maalum, saa maalum, kwa muda wa karibu saa moja, kila wiki.

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni sauti tu. Hii inafaa hata kwa simu ndogo ya mulika mwizi. Haihitaji intaneti.

Ya pili ni kuandikiana meseji. Inamfaa mtu ambaye hawezi kuzungumza kwa sauti kwa sababu nyumba imejaa watu, au anaona haya kutamka maneno yake. Haimfai asiyejua kusoma vizuri.

Ya tatu ni kuonana kwa picha, yaani video. Inahitaji simu kubwa, bando na mtandao mzuri. Uzuri wake ni kwamba mshauri anaona uso wa mgonjwa.

Je, wanazungumza nini? Mshauri mzuri hatoi mahubiri wala amri. Anauliza na kusikiliza. Anamsaidia mtu kutaja shida zake moja moja, kuchagua ile inayoweza kushughulikiwa kwanza, na kupanga hatua ndogo ya wiki hiyo. Hatua hiyo inaweza kuwa kuoga na kutoka nje kila asubuhi, au kumtembelea dada yake, au kuzungumza na shemeji kuhusu shamba. Wiki inayofuata anauliza, "Ilikwendaje?" Pale ilipokwama wanajaribu njia nyingine. Ni kazi ya mpango, kama vile kuandaa kitalu.

Mazungumzo matupu yanaweza kuponya kweli?

Swali hili tunaulizwa kila mahali. Mzee mmoja alituuliza, "Kwani maneno ni dawa?" Tulimjibu kwa mifano.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, wilaya za Rakai na Masaka huko Uganda, utafiti ulifanywa katika vijiji 30 na kuchapishwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikutana katika vikundi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kila wiki kwa wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo. Waliohudhuria vikundi walipona kwa wingi sana kuliko wale ambao hawakupata nafasi.

Huko Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na kina nyanya 14. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao hatua kwa hatua. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Hamwoni kwamba hiyo ni parruok yetu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba benchi hilo linasaidia.

Na hapa Kisumu penyewe, wanawake 256 wanaoishi na virusi na waliokuwa wametendewa ukatili walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Waliopewa ushauri wa kila wiki kwa karibu miezi mitatu, na watu waliofundishwa ambao si madaktari wa akili, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu.

Mifano hii yote ilikuwa ya kukutana uso kwa uso. Lakini inatufundisha jambo moja kubwa: kinachoponya ni mazungumzo yenye mpango, pamoja na mtu aliyefundishwa na anayerudi tena na tena. Kama ni hivyo, simu inaweza kuyabeba. Nchi nyingi zimejaribu na kuona kwamba kwa huzuni na wasiwasi, ushauri wa simu unawasaidia wengi karibu sawa na ule wa ofisini. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikutano, shirika la StrongMinds linaloendesha vikundi vya namna hii Uganda lilihamishia mazungumzo kwenye simu.

Hapa Kenya pia meseji imeshaonyesha nguvu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa Nairobi na Kajiado waliokuwa wakianza dawa za ukimwi walitumiwa meseji moja kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Waliopata meseji hizo walishika dawa zao vizuri zaidi. Neno moja tu kwa wiki! Wengi wanahitaji kujua kwamba kuna mtu atakayegundua wakinyamaza.

Wako pia waliojaribu kompyuta inayojibu meseji yenyewe. Huko Kiambu ilijaribiwa na kina mama wajawazito na waliojifungua, na habari zake zikachapishwa mwaka 2020. Mashine hailali na haichoki. Lakini sisi tunashauri tahadhari. Mashine haiwezi kuja kugonga mlango wako. Mtu aliye hatarini asiachiwe mashine.

Shida za njia hii

Hatutaki kuwadanganya. Simu ina shida zake, na ni bora mzijue mapema.

Shida ya kwanza ni siri. Katika nyumba ya chumba kimoja, nani hasikii? Mama yule tuliyemtaja alianza kwa kuzungumza akiwa nyuma ya jiko. Mama mkwe akasikia jina lake likitajwa, ikawa kesi.

Ya pili ni kwamba simu nyingi ni za bwana. Mke akitafutwa na namba asiyoijua bwana, maswali huanza. Na kama bwana ndiye anayempiga, mazungumzo yenyewe yanaweza kumletea hatari.

Ya tatu ni mtandao, chaji na pesa. Mahali pengine mtandao unapatikana juu ya mlima tu au chini ya mti fulani. Huwezi kulia vizuri huku umeinua simu kutafuta mtandao.

Ya nne ni wakati. Mvuvi wa omena yuko ziwani usiku na analala mchana. Ukimpangia saa tano asubuhi utampata amelala.

Ya tano ni matapeli. Mtu yeyote anaweza kujiita daktari kwenye simu. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka watu hawa wasajiliwe. Mna haki ya kumuuliza mshauri amesajiliwa wapi na anafanya kazi chini ya nani. Anayeomba namba ya siri ya M-Pesa si mshauri, ni mwizi.

Kikundi kifanye nini? Hatua saba

1. Mjueni mhudumu wenu wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu hawa karibu 100,000 nchini vifaa vya kazi, pamoja na simu. Yeye ndiye mlango wenu wa kwanza. Mwalikeni mkutanoni, mumuulize kituo chenu cha afya kina nani wa ushauri, na kama mshauri huyo hupokea simu. Kumbukeni kwamba Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hizi. Mnapouliza hamwombi sadaka.

2. Jifunzeni maswali mawili. Wataalamu huanza na haya: Katika wiki mbili zilizopita, je, umekuwa ukikosa hamu ya kufanya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, umekuwa na huzuni, au kuona hakuna tumaini? Mtu akijibu kwamba siku nyingi amekuwa hivyo, mpelekeni kwa mhudumu. Maswali haya hayampi mtu jina la ugonjwa. Yanaonyesha tu kwamba inafaa aangaliwe.

3. Badilisheni katiba. Mwanachama akikosa mara mbili mfululizo, watu wawili wamtembelee kabla ya faini kuandikwa. Waende kumjulia hali, wasiende kudai. Kina mama wa kile kikundi wameandika kifungu hicho. Wanakiita kifungu cha sufuria.

4. Tafuteni mahali pa siri. Huenda ni chumba cha ofisi ya kanisa, darasa siku ya Jumamosi, au stoo ya kikundi. Pawe na kiti, mlango unaofungika, na mtandao. Mtu mmoja akae nje, mbali kidogo, kuzuia wapita njia. Asikae karibu na dirisha!

5. Wekeni simu ya kikundi. Simu moja ndogo yenye laini ya kikundi, iliyochajiwa, inatosha kuanza. Bora mshauri ndiye apige. Zungumzeni na kituo cha afya juu ya hilo. Kama ni lazima nyinyi mpige, tengeni pesa kidogo kutoka mfuko wa ustawi, kama mnavyotenga za mazishi. Meseji zifutwe baada ya kila mazungumzo.

6. Kubalianeni kabla ya kuanza. Mgonjwa na mshauri wapange: Tutazungumza siku gani? Kwa lugha gani, Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili? Simu ikikatika nani anapiga tena? Mtu akiingia ghafla mgonjwa aseme neno gani ili mshauri ajue wabadilishe habari? Na katika hatari, mshauri ampigie nani hapa kijijini? Ikiwezekana, mara ya kwanza wakutane uso kwa uso. Sauti ya mtu uliyemwona si sawa na sauti ya mgeni.

7. Tunzeni siri. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mambo ya mwanachama yakitembea mpaka kisimani, hakuna mwingine atakayekuja tena. Katibu asiandike jina la mgonjwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee.

Simu isipotosha

Kuna wakati simu haitoshi, na kungoja wiki ijayo ni makosa. Mpelekeni mtu kituo cha afya siku hiyo hiyo kama:

– anasema anataka kufa, anaaga watu, au anagawa vitu vyake;
– anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini mambo yasiyokuwako;
– amekataa kula na kunywa;
– ni mama aliyejifungua karibuni na anaogopa atamdhuru mtoto, au hamtaki kabisa;
– ana kifafa, homa kali, au amebadilika ghafla. Hapo huenda ni malaria ya kichwa au ugonjwa mwingine wa mwili.

Kituo kikishindwa kitawaelekeza hospitali ya kaunti au hospitali kuu ya Jaramogi, ile wengi wetu bado tunaiita Russia.

Mtu akizungumza juu ya kufa, msimwache peke yake. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengine huogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Kuuliza humfungulia mtu njia ya kutua mzigo. Ondoeni nyumbani dawa za kunyunyizia shamba na za panya, mziweke kwa jirani chini ya kufuli. Msimwambie "jikaze," wala "mbona wengine wana shida kubwa kuliko zako." Kaeni naye mpaka afike mikononi mwa mhudumu.

Ziko pia namba za bure za kupigia ushauri. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. 116 ni ya watoto. 1195 ni ya waliotendewa ukatili wa kijinsia. 1192 ni ya NACADA, kwa wanaosumbuliwa na pombe na dawa za kulevya. Katibu azijaribu kwanza, kisha aziandike kwa herufi kubwa ukutani mnapokutania.

Neno moja kwa viongozi wa kanisa na wazee. Maombi na matibabu havigombani. Mwombeeni mgonjwa, mwimbieni, mtembeleeni, lakini msimwambie aache dawa za daktari ili aonyeshe imani. Wengine wanahitaji vidonge pamoja na mazungumzo, kama vile mwenye kisukari anavyohitaji vyake.

Mama yule aliendeleaje?

Mwenyekiti alimwita mhudumu wa afya. Mhudumu akampeleka mama kituoni. Pale akaunganishwa na mshauri aliyekuwa Kisumu, ambaye alikuja kumwona mara moja, kisha wakawa wakizungumza kwa simu kila Jumanne. Baada ya ile kesi ya mama mkwe, kikundi kilimpa chumba kanisani. Mara mbili mtandao ulipotea na siku ikaharibika. Mara moja alikataa kabisa kwenda, na mwenzake mmoja akaenda kukaa naye tu, wakichambua omena bila kusema neno.

Hatuwezi kuwaambia kwamba sasa ni mzima kabisa. Mwezi wa nne ukifika, upepo ukivuma, bado halali. Lakini anapika. Anauza omena. Alhamisi moja alirudi kikundini na kulipa mchango wake wa wiki hiyo. Deni la nyuma kikundi kiliamua kulifuta, na mweka hazina akachora mstari kwenye daftari mbele ya wote. Mama akasema, "Mlikuja kuchukua sufuria mkaniacha nayo. Siku ile nilijua bado nina watu."

Ndugu zetu, wataalamu wako mbali, na wataendelea kuwa wachache kwa muda. Simu inaweza kuleta sauti ya mtaalamu mpaka kijijini. Lakini simu haiwezi kugundua kwamba mtu hakuja Alhamisi. Kazi hiyo ni yetu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni mwanachama gani ambaye hatujamwona kwa wiki mbili? Nani atamtembelea, na lini? (Msijadili habari zake, pangeni tu safari.)
2. Katiba yetu inasema nini juu ya wanaokosa mikutano? Je, inamwadhibu mgonjwa?
3. Hapa kwetu ni mahali gani mtu anaweza kuzungumza kwa simu bila kusikika?
4. Kila mwezi tunaweza kutenga shilingi ngapi kwa kazi hii?
5. Tukifiwa, tunachangia mazishi. Je, mwezi wa tatu baada ya mazishi tunafanya nini?

Tafadhali zungumzeni maswali haya, kisha mtuandikie mlivyokubaliana, ili vikundi vingine navyo vijifunze. Mungu awabariki, na awape kusikilizana.